Dadu ibaki mezani: namna ya kupitisha kazi za kawaida bila kurusha

Katika mchezo wa kuigiza mezani, kila mchezaji anaigiza mhusika wake, msimamizi anasimulia yaliyobaki, na dadu inaamua penye shaka. Jioni moja wahusika wanne walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa kaburi la kale. Adui hakuwepo, mwenge ulikuwa unawaka, muda ulikuwepo wa kutosha. Mmoja wao alikuwa mwanazuoni aliyemaliza ujana wake akisoma lugha zilizokufa. Mchezaji wake, dada aliyekuja na daftari zima la maisha ya mhusika huyo, alikuwa na nyongeza ya +7 kwenye ustadi wa historia. Ukutani kulikuwa na maandishi. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi, na badala ya kumwambia yanasema nini, nikamwambia arushe dadu ya pande 20. Ugumu, yaani namba ambayo dadu ikijumlishwa na nyongeza yake lazima iifikie, niliuweka 10. Ikatoka 2. Saba na mbili ni tisa, hakuweza kusoma. Akafuata mpiganaji wa shoka, ambaye tuliambiwa tangu kikao cha kwanza kwamba hajui hata kuandika jina lake, na nyongeza yake ni −1. Ikatoka 19. Akasoma ukuta mzima. Meza ilicheka, na yule dada alicheka pia, lakini jioni ile hakulifungua tena daftari lake.

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mhusika ni ahadi: mchezaji amechagua kuwa hodari wa jambo hili, akaacha kuwa hodari wa lile. Mimi nilikuwa nimeivunja ahadi ile kwa jambo dogo ambalo halikuhitaji bahati hata kidogo. Tangu hapo nimebadilisha namna ninavyosimamia, na hatua hizi ndizo ninazofuata. Mifano mingi ni ya Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974, kwa sababu ndio unaochezwa zaidi. Mwishoni kuna maneno machache kwa wanaocheza mingine.

Kwanza tuielewe dadu yenyewe. Dadu ya pande 20 haina upendeleo: kila upande una asilimia 5, moja sawa na kumi, kumi sawa na ishirini. Mwanazuoni wangu mwenye +7 dhidi ya ugumu 10 anashindwa ikitoka 1 au 2, yaani asilimia 10. Inaonekana ndogo. Lakini mrushie mara 20 katika jioni moja, na utarajie kama mara mbili ashindwe kazi ambayo angeifanya huku anapiga soga. Fundi seremala anayepinda msumari mmoja kila misumari kumi hapati kazi mtaani.

Sisi tuliokulia kwenye bao na ludo tunaijua tofauti hii bila kufundishwa. Kwenye bao hakuna bahati. Kete zinafika zinakohesabiwa, na anayejua anajua. Kwenye ludo unaiomba sita, na mtoto wa miaka saba anaweza kumfunga babu yake. Mchezo wa kuigiza mezani una yote mawili ndani yake, na kazi ya msimamizi ni kujua sasa hivi tunacheza lipi.

Hatua ya 1: Msikilize mchezaji kabla ya kutaja ustadi wowote

Mchezaji akisema "narusha upekuzi", mrudishe taratibu. Muulize mhusika anafanya nini hasa, kwa mikono ipi, na anatafuta nini. Akisema anavuta kila droo na kugonga chini yake kusikiliza kama kuna uwazi, na wewe umeficha barua chini ya droo, ameipata. Hapo hakuna cha kurusha. Ameeleza njia inayofika, basi imefika.

Hatua ya 2: Jiulize maswali matatu

La kwanza: anaweza kushindwa kweli? Wengi hawafahamu kwamba katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, kutoka 1 kwenye jaribio la ustadi si kushindwa moja kwa moja. Sheria hiyo ni ya mapigo ya vita. Mwenye +9 akikabili ugumu 10 hawezi kushindwa, kwa kuwa hata ikitoka 1 anafika 10. Kumrushisha ni kupoteza muda wa watu. Na upande wa pili ni vilevile: jambo lisilowezekana lisirushwe. Ukimruhusu mtu arushe ili aruke hadi mwezini, siku ikitoka 20 utamwambia nini?

La pili: kuna kinachomsukuma? Mishale, moshi, walinzi wanaopanda ngazi, maji yanayojaa chumbani. Kufungua kufuli ukiwa umekaa kwenye kigoda ni kazi. Kufungua kufuli hiyohiyo huku mwenzako anashikilia mlango usivunjwe ni mchezo.

La tatu, na hili ndilo ninaloliuliza kuliko yote: akishindwa, hadithi itakwenda wapi? Kama jibu ni "haiendi popote, atajaribu tena", iache dadu ilale. Ukishaona wachezaji wanarusha mara ya pili, ya tatu na ya nne kwenye mlango uleule, ujue ulikosea pale ulipoitisha ya kwanza.

Dadu irushwe pale majibu yote matatu yanapoiita. Likikosekana moja, na jambo lenyewe linawezekana, mpe mtu alichokifanyia kazi na msonge mbele.

Hatua ya 3: Andika namba ya kimya ya kila mhusika

Hapa ndipo kazi halisi ilipo, na inahitaji robo saa tu kabla ya kikao. Chukua kipande cha karatasi ngumu kwa kila mhusika. Kwa kila ustadi alionao, andika 10 jumlisha nyongeza yake. Mwenye +5 anaandikiwa 15. Mwenye +1 anaandikiwa 11. Mwenye −1 anaandikiwa 9. Hiyo ndiyo namba yake ya kimya: kiwango anachokifikia katika siku ya kawaida, bila presha na bila bahati.

Wazo hili si langu. Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2000, lilimruhusu mchezaji asiye hatarini wala asiyebughudhiwa ahesabu kwamba ametoa 10. Toleo la tano la 2014 lililileta kwa sura nyingine, ya ukaguzi wa kimya: 10 jumlisha nyongeza zote, ongeza 5 kama mazingira yanamsaidia, punguza 5 kama yanamzuia. Tatizo ni kwamba meza nyingi zinaitumia kwa macho na masikio tu, kana kwamba ustadi mwingine haustahili.

Sasa iweke namba hiyo kando ya viwango vya ugumu vilivyomo kwenye mchezo: 5 rahisi sana, 10 rahisi, 15 wastani, 20 mgumu, 25 mgumu sana, 30 karibu hauwezekani. Mhusika wa ngazi ya kwanza, yaani anayeanza mchezo, aliyesomea jambo lake vizuri huwa na kama +5, hivyo anafika 15. Kazi ya wastani anaipitisha bila kurusha. Mwenzake asiyesomea, mwenye 11, anapitisha zile rahisi tu, na penye 15 inabidi aombe bahati. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Ukuta ni uleule. Kwa mmoja ni ngazi, kwa mwingine ni hatari, na karatasi yako inakuonyesha papo hapo ni kwa nani.

Hapa kuna kosa moja ninalotaka ulikwepe. Namba ya kimya ni sakafu, si dari. Mwenye +5 akikutana na ugumu 16, namba yake ya 15 haitoshi. Ukimlazimisha abaki nayo umemhukumu ashindwe daima, wakati kwa dadu angekuwa na nusu kwa nusu. Haki ya kurusha ibaki mikononi mwa mchezaji. Namba ikitosha, apite. Isipotosha, na maswali ya hatua ya pili yakaitika, mpe dadu, na hapo utaona jinsi meza inavyonyamaza kuitazama ikibiringika. Dadu inayorushwa mara tano kwa jioni ina uzito ambao ile ya mara hamsini haina.

Hatua ya 4: Muda uwe bei

Kuna kazi zinazozidi namba ya kimya lakini mhusika ana saa nzima ya kuhangaika nazo. Toleo la tatu lilikuwa na njia nyingine kwa hili: mchezaji anahesabu kwamba ametoa 20, ila kazi inamchukua muda mara 20. Kufuli ya sekunde sita inakula dakika mbili. Sheria ilieleza kwamba ndani ya muda huo mhusika anakosea mara nyingi kabla ya kupatia, kwa hiyo haifai penye adhabu ya kukosea: kutegua mtego unaoweza kulipuka usoni haiwezekani kwa njia hii. Kitabu cha msimamizi cha 2014 kinasema jambo linalofanana: penye uwezekano wa kujaribu tena na tena, mhusika anayetumia muda mara kumi ya kawaida ahesabiwe kuwa amefanikiwa, ila lisilowezekana linabaki vilevile.

Kinachoipa njia hii uhai ni kuuhesabu huo muda kwa uaminifu. Mwenge katika toleo la tano unawaka saa moja. Walinzi wana zamu. Mgonjwa aliyeachwa kambini hali yake inazidi. Ukiwa na saa inayokwenda, "mnaweza kuupekua ukumbi wote, itawachukua nusu ya mwenge wenu" ni uamuzi mzito wa kikundi, na hakuna dadu iliyoguswa. Usipokuwa na saa, kila chumba kitapekuliwa hadi nyufa za sakafu, na utajuta.

Hatua ya 5: Maarifa ni ya mwenye nayo

Nirudi kwenye ule ukuta wa kaburi, kwa sababu ndipo nilipojifunza zaidi.

Watu watano wakirusha dadu kwa swali moja, kila mmoja akiwa na nafasi ya asilimia 30 tu, uwezekano kwamba angalau mmoja atapatia ni kama asilimia 83. Maana yake kikundi kitajua karibu kila kitu, lakini atakayejua ni yeyote, kwa bahati ya siku hiyo. Elimu inakuwa haina mwenyewe. Mchezaji aliyejinyima nguvu za mwili ili mhusika wake awe msomi anagundua kwamba amenunua kitu kinachogawiwa bure.

Ninachofanya sasa ni hiki. Maarifa hayarushwi, yanagawiwa kwa ngazi. Nikiandaa jambo la kale, naandika mistari mitatu kwenye daftari langu: anachojua mwenye namba 10, anachojua mwenye 15, anachojua mwenye 20. Kikundi kikifika, natazama karatasi zangu na kumpa kila mtu sehemu yake. Mpiganaji anaona ni kaburi, tena la mtu mkubwa. Kasisi anatambua alama za ibada. Mwanazuoni, na yeye peke yake, anajua mfalme huyu alizikwa na nduguye akiwa hai, na kwamba mlango umefungwa kutokea ndani.

Kwa visa vya upelelezi jambo hili ni la lazima kabisa. Kidokezo kikuu kikifichwa nyuma ya dadu na dadu ikakataa, hadithi inasimama, na msimamizi anaanza kukimbia huku na kule kutafuta njia ya kukitoa kwa mlango wa nyuma. Robin D. Laws, mtunzi wa michezo, aliunda mfumo wa GUMSHOE wa visa vya upelelezi kwa kuanzia hapohapo: mwenye ustadi unaohusika akiwa mahali panapohusika, akauliza, anakipata kidokezo bila kurusha. Utamu uko katika kukitafsiri na kuamua la kufanya. Unaweza kuichukua kanuni hiyo ukaitia kwenye mchezo wowote bila kubadilisha kitu kingine.

Hatua ya 6: Macho na masikio

Ukisema "rusheni uangalifu", umeshawaambia kuna kitu. Hata ikitoka 3 kwa wote, kila mtu atachomoa upanga. Hapa namba ya kimya inafanya kazi nzuri kuliko mahali popote: unaitazama karatasi, unasema "wewe unasikia mlio wa mnyororo kule chini", basi.

Ila kuna ugumu wake. Kama namba ya mwangalifu wako ni 16, na wewe ndiye unayepanga ugumu wa kila mtego, basi ukiandika 15 umeamua auone, na ukiandika 17 umeamua asiuone. Umekuwa mchezaji na refa. Dawa yake ni kuipeleka bahati upande wa pili: anayejificha ndiye arushe. Majambazi watatu wamelala kwenye nyasi. Rusha kujificha kwao nyuma ya pazia lako, linganisha na namba za kimya. Wachezaji hawajui kitu, na wewe hujui litakalotokea hadi ulione.

Mtego usiorusha chochote uwe na dalili za kuonekana kwa mwenye macho. Vumbi lisilokanyagwa upande mmoja wa ukumbi linatosha.

Hatua ya 7: Mafanikio yasimuliwe

Usiondoe dadu ukaacha shimo. Mchezaji akisema anapanda ukuta na namba yake inatosha, "haya, umefika juu" ni maneno makavu. Ile dakika ya kusubiri dadu imeondoka na hakuna kilichokuja badala yake. Yeye mwenyewe apewe nafasi. Kwenye meza yangu inakwenda hivi:

"Kaka, naupanda huu ukuta wa ngome."

"Mvua imekatika, mawe bado yana utelezi, lakini umekulia milimani. Unafika. Tueleze unapandaje."

"Navua viatu, navifunga shingoni. Nafuata ufa ule wa kushoto, natumia vidole vya miguu."

"Ukiwa nusu ya ukuta unapita dirisha. Ndani kuna mtu anaandika kwa taa ya mafuta. Hajakuona. Unaendelea, au unachungulia?"

Umeona kilichotokea: muda tuliookoa kwa kutorusha umenunua dirisha, na ndani ya dirisha kuna uamuzi. Mimi hujiwekea sharti kwamba kila ninapopitisha kazi bila dadu, nitoe kitu kimoja ambacho asiye hodari asingekipata. Mfua chuma akilitazama panga, anajua limetoka kwa fundi yupi. Mwindaji akifuata nyayo, anajua mmoja wao anachechemea.

Hatua ya 8: Kundi zima likifanya kitu kimoja

Wanne wananyata kupita kambi. Kila mmoja ana nafasi ya asilimia 80, nafasi nzuri kabisa. Ukidai wote wanne wafaulu, nafasi ya kundi inashuka hadi asilimia 41. Ndiyo maana kunyata kwa pamoja hakufanikiwi kamwe kwenye meza zingine, na wachezaji wanakata tamaa, wanaingia kwa mapanga. Toleo la tano linasema nusu ya kundi ikifaulu, kundi limefaulu. Kama kambi imelala na hakuna wa kuwasukuma, mimi hutumia namba ya kimya ya anayeongoza na kumuuliza anawasaidiaje wenzake. Walinzi wakiwa macho, tunarusha.

Mahali pa kutogusa

Vita, mbio za kufukuzana, na mtu mmoja kushindana na mwingine viachie dadu yake. Kumdanganya mlinzi ambaye tayari ana wasiwasi ni mahali pa dadu. Kumsalimia mlinzi anayekufahamu si mahali pake.

Angalia pia uwezo ambao mchezaji ameulipia. Katika toleo la tano, mhusika wa kinyemela akifika ngazi ya 11 kwa sheria za 2014, au ya 7 kwa zile za 2024, kila anapotumia ustadi alio na umahiri nao, yaani aliousomea, chochote kilicho chini ya 10 kwenye dadu kinahesabiwa 10. Ukiwapa wote namba ya kimya hata katikati ya hatari, umemnyang'anya fahari yake. Kwa wengine iwe wakati wa utulivu tu. Yeye awe nayo hata mishale ikiruka. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lake la pili la 2019 una kipaji kinachompa mtu 10 jumlisha nyongeza ya umahiri peke yake, bila nyongeza nyingine yoyote, na wachezaji hukinunua kwa makusudi. Kama kuna aliyekinunua mezani kwako, zungumza naye kabla ya kukigawa kwa wote.

Kama hamtumii dadu ya pande 20

Kwenye Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha wa 1981 unaorusha 1 hadi 100 na unafaulu ikitoka namba ya ustadi wako au chini yake, ustadi wa 60 ungemfanya daktari akosee mara nne kati ya kumi. Toleo la saba linahesabu 50 hadi 74 kuwa kiwango cha mtu anayeishi kwa kazi hiyo. Basi mwenye 50 na zaidi apitishe kazi za kila siku za fani yake, na dadu ingoje usiku, mlango ukigongwa. Kwa michezo ya dadu mbili za pande sita kama Traveller wa 1977, wastani ni 7. Tumia 7 badala ya 10 kwenye karatasi zako. Na ukitaka kuona mbali zaidi, Amber ya Erick Wujcik iliyotoka 1991 haina dadu kabisa: wahusika wanalinganishwa uwezo, na hila ndiyo inayopindua matokeo.

Kuianza mezani kwako

Waambie kabla ya kikao, usiwashtukize. Kuna wachezaji wanaopenda sauti ya dadu, na furaha hiyo ni ya kweli. Kwao uweke wazi kwamba atakayetaka kurusha hazuiwi, ila akirusha akaukosa ugumu, ameukosa, hawezi kurudi kuomba namba ya kimya. Jaribuni vikao vitatu. Kuwa na karatasi zako, na kila mhusika akipanda ngazi uzisahihishe, maana namba iliyopitwa na wakati inamdhulumu mtu kimyakimya.

Yule dada mwenye daftari bado anacheza nasi. Kikao kilichopita kikundi kilipata barua iliyoandikwa kwa lugha ya wale wale wa kaburini. Nilimpa karatasi yenye tafsiri, akaisoma mwenyewe kimya hadi mwisho, akaikunja, akawatazama wenzake na kuamua ni sehemu ipi awaambie.